Majivu Moyoni mwa Mahindi: Kisa cha Konde Moja la Mwakirunge

"Mwanangu, dawa yenu hino haiui."

Hakutanguliza hata salamu, na mama wa umri wake akiruka salamu ujue maji yamemfika shingoni. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, masika imekolea. Konde lake liko Mwakirunge, kule Kisauni, Mombasa, ambako mji unaanza kupungua na mihogo inaanza kuonekana. Mahindi yalikuwa na wiki nne tangu yaote. Jumatatu alikuwa amepiga dawa ya virusi dhidi ya viwavijeshi, na sasa alikuwa amesimama katikati ya konde, simu sikioni, akitazama kinyesi kibichi cha viwavi kilivyojaa moyoni mwa mhindi, pale katikati majani machanga yanapochomoza.

Neno lililonichoma ni lile "yenu". Chupa ile hakuichagua yeye. Kikundi chao cha kina mama kiliniuliza kama iko njia ya kuua viwavi bila kumwaga sumu juu ya kunde na mchicha wanaokula na kuuza, nami nikawaambia ipo. Yeye ndiye aliyekubali kutangulia, wenzake wakangoja waone. Ikimshinda yeye imewashinda wote, na sitawalaumu wakirudi kwenye sumu msimu huohuo.

Nikapanda matatu saa ileile.

Jambo la kwanza nilipofika lilikuwa kuhakikisha kwamba tunamzungumzia mdudu mmoja. Pwani yetu ina nondo wawili wageni wanaokula mahindi, na watu huwachanganya. Mmoja ametoka Asia, ni mtoboa mabua aitwaye Chilo partellus, na yuko Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Kwa ajili yake watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walimwachilia hapa Pwani, mwaka 1993, nyigu mdogo kutoka Pakistan, Cotesia flavipes, anayetaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi. Nyigu yule alishika, akaenea. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wa huku hudhani kupiga vita mdudu kwa kiumbe kingine ni jambo la kuletewa jana, kumbe limeanzia kwenye makonde yao.

Wa pili ndiye kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Kwao ni Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata akathibitishwa Kenya. Nondo wake huweza kwenda kilomita 100 kwa usiku mmoja akibebwa na upepo. Jike hutaga mafungu ya mayai 100 hadi 200 kwa mara moja, na katika maisha yake hupita 1,000. Kwa joto letu, toka yai mpaka nondo mpya ni kama mwezi mmoja tu, kwa hiyo ndani ya msimu mmoja wa mahindi kuna vizazi vinavyopishana: wakubwa wamo, na wadogo wanaanguliwa.

Nilifungua majani ya mhindi wa kwanza, nikamtoa mmoja. Usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa mraba. Ni yeye. Hapo tukamwondoa mshukiwa wa kwanza, maana virusi vya kiwavijeshi huyu havina habari na mtoboa mabua. Aina nyingi za virusi hivi kila moja ina mdudu wake, au wadudu wachache wa ukoo mmoja, na nje ya hapo haifanyi kitu. Ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu nyuki hadhuriki, kuku akimdonoa kiwavi mgonjwa hadhuriki, na mtu anayechuma mchicha kesho yake hadhuriki. Lakini sifa hiyohiyo humgharimu mkulima asiyemjua mdudu wake.

Sasa, ili mtu aelewe tulichokifuata pale kondeni, lazima kwanza aone kirusi kinavyofanya kazi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa lote lilikuwa hapa.

Virusi hivi ni vya kundi la bakulovirusi. Haviui kwa kumgusa mdudu, wala kwa harufu. Lazima viliwe. Ndani ya chupa havikai uchi: vimefungwa ndani ya chembe ndogo sana za protini, ngumu kama punje ya mchele, na ndani ya kila punje mna virusi vingi. Punje hiyo ndiyo nyumba na ndiyo ngao. Kiwavi akitafuna jani lenye punje hizo, zinaingia tumboni mwake, na tumbo la kiwavi halifanani na letu. Letu lina asidi. Lake lina magadi. Nasema magadi na sitanii: kipimo chake cha pH hufika 10 na kuzidi, sawa na maji ya magadi tunayopikia kunde zikawa laini. Katika magadi hayo punje inayeyuka, virusi vinatoka, vinapenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye chembechembe za mwili. Tangu hapo mwili wa kiwavi unakuwa kiwanda. Siku ya tatu au ya nne anaanza kuwa mzito na kupauka. Kisha hupanda juu ya mmea, hujishika kwa miguu ya nyuma, huning'inia kichwa chini, na kufa. Ngozi huwa nyembamba kama utando wa maziwa, hupasuka, na uji unaotiririka juu ya majani una punje mpya kwa mamilioni mengi. Kule kupanda juu si bahati. Watafiti waliochunguza nondo mvamizi wa misitu ya Marekani walieleza mwaka 2011 kwamba kuna jeni ndani ya kirusi inayomfanya kiwavi apande, ili uji umwagikie majani ya chini ambako ndugu zake wanakula.

Basi siku tatu ni mapema mno kuhukumu. Sumu ya dukani humwangusha mdudu mbele ya macho yako, ugonjwa una mwendo wake. Nilimwambia hivyo.

"Sasa wataka n'ngoje mpaka wamalize konde?" akauliza.

Swali la haki. Kiwavi mkubwa, aliyefika hatua ya tano au ya sita ya ukuaji, huhitaji punje mara maelfu kuliko mdogo aliyeanguliwa juzi, na hata akiambukizwa ana siku kadhaa za kula kabla hajafa. Nao viwavi nilioshika Alhamisi ile wengi walikuwa urefu wa kifundo cha kidole na zaidi. Dawa ilikuwa imepigwa imechelewa, na lawama hiyo ni yangu: nilimshauri anunue chupa, sikumfundisha kukagua mahindi tangu wiki ya pili, atafute majani yenye madirisha madogo meupe ambayo viwavi wachanga huyakwangua.

Lakini uchelewaji peke yake haukunitosheleza. Wadogo pia walikuwapo, na wao walipaswa kuonekana wagonjwa.

Mshukiwa aliyekuwa mdomoni mwa kila mtu ni chupa. Jirani alikuwa ameshasema ni feki. Mimi nilihofia joto: duka alikoinunua lina paa la mabati na rafu inayopigwa na jua la jioni, na virusi hivi, ingawa punje zao ni imara, havipendi kupikwa wiki baada ya wiki. Njia ya kujua ilikuwa rahisi. Nilichukua viwavi kumi na wawili upande ulio wazi wa konde, na kumi na wawili kwenye pembe ya matlai chini ya mwembe, nikaweka kila mmoja kwenye kikopo chake na kipande cha jani. Kila mmoja chake, kwa sababu viwavi hawa hulana wenyewe kwa wenyewe. Ukiwaweka pamoja, kesho utamkuta mmoja aliyenenepa.

Mpaka Jumapili jibu lilikuwa wazi. Wale wa upande ulio wazi walikuwa hai isipokuwa mmoja. Wa chini ya mwembe, zaidi ya nusu walikuwa wamelainika na kuwa weusi, na mmoja alipasuka nilipomgusa kwa kijiti. Niliporudi kondeni mchana huo, kwenye mistari minne ya mwisho karibu na mwembe nikawaona wengine wananing'inia kwenye ncha za majani, kichwa chini, kama nguo zilizosahauliwa kambani. Nilimwita mama aje aone. Alitazama muda mrefu bila kusema.

Chupa, basi, haikuwa na hatia. Kilichomo kilikuwa hai na kiliua. Swali likageuka: kwa nini kiliua pembeni, kisiue katikati?

Jibu la haraka ni kivuli. Jumatatu alipiga dawa saa nne asubuhi, na saa hiyo mwembe huitilia kivuli pembe ile huku konde lote limo juani. Adui mkubwa wa virusi hivi ni mwanga mkali wa jua. Punje iliyo wazi juu ya jani hupoteza nguvu ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili, na jua la Mombasa saa sita hamna asiyelijua. Ningeweza kuishia hapo, niandike "piga jioni" na kurudi nyumbani. Ni kweli, na kila kibandiko kinasema hivyo.

Kilichonizuia ni moyo wa mhindi wenyewe. Ndani kule jua halifiki vizuri. Dawa iliyomwagwa vyema moyoni ilipaswa kubaki hai hata katikati ya konde, angalau kwa sehemu. Nikafungua mhindi mmoja, wa pili, wa tano. Ndani, pamoja na kinyesi, kulikuwa na ukoko wa kijivu. Alhamisi niliuona na nikaupita, nikidhani ni vumbi la kinyesi kilichokauka.

"Mama, hiki ni nini?"

"Majivu hayo. Twatia kila mwaka. Mamangu akitia, na bibi yangu akitia."

Alikuwa ameyatia siku mbili kabla ya kupiga dawa, na hakunitajia kwa sababu nilimuuliza kama ametumia dawa nyingine. Majivu kwake si dawa, ni majivu. Nilipouliza kama aliyatia konde zima, akaonyesha kwa mkono kuelekea mwembeni: "Yalin'ishia pale. Mistari minne haikupata."

Mistari minne. Ileile.

Majivu ya kuni ni magadi ya jikoni. Ukiyaloweka, maji yake huteleza vidoleni kama sabuni, na wazee wetu walijua kuyatumia kulainishia vyakula vigumu. Maabarani, mtafiti anapotaka kuifungua punje ya bakulovirusi ili avitoe virusi vilivyomo, huiloweka katika mchanganyiko wa sodiamu kaboneti, yaani kitu kilekile kilicho katika magadi. Mama alikuwa amejaza moyo wa kila mhindi ufunguo wa punje. Dawa ilipoingia na maji yake, ikakutana na majivu mabichi, na nyumba ya kirusi ikafunguka nje, juu ya jani, kabla haijafika tumboni. Kirusi kisicho na nyumba hufa upesi sana. Kiwavi akala jani lenye mabaki ya protini, akaendelea na maisha.

Hayo ni maelezo yangu, na nilijua kwamba kivuli bado kinayapinga. Pembe ya mwembe ilikosa majivu na ilikosa jua kwa pamoja, kwa hiyo haiwezi peke yake kutuambia kipi kilifanya nini. Nilimweleza mama hivyo, na yeye ndiye aliyetoa shauri. Mvua ya Jumatatu na Jumanne zilizofuata ilisafisha majivu mioyoni mwa mihindi. Akasema tupige tena, tupige jioni konde zima, lakini yeye atatia majivu tena kwenye mistari minne ya katikati, mahali palipo wazi kabisa, siku moja kabla. "Nataka nione kwa macho yangu. Majivu ya mamangu siwezi kuyatupa kwa maneno."

Tukapiga Ijumaa saa kumi na moja jioni. Maji tuliyotumia ni ya mvua, kutoka kwenye pipa. Ya kisima nilikuwa na wasiwasi nayo, kwa vile visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ingawa kusema kweli ualikali wake, yaani ule umagadi, ni mdogo mno kuweza kufungua punje. Pampu tuliisuuza mara tatu, kwa sababu ilikuwa imeoshwa kwa sabuni ya unga, na sabuni ya unga nayo ni magadi mengine. Tulitia molasi kidogo kwenye mchanganyiko: hushikilia punje kwenye jani, hukinga jua kidogo, na kiwavi huipenda. Mdomo wa pampu tuliuelekeza ndani ya moyo, mhindi mmoja baada ya mwingine, kazi ya kuchosha kiuno. Kizazi kipya kilikuwa kimeanguliwa wiki ile, wadogo wembamba kama uzi, na hao ndio tuliowataka.

Jumatano simu ikalia. "Asalaam aleikum mwanangu, hujambo? Na watoto hawajambo?" Akamaliza salamu zote bila haraka. Kisha: "Wamening'inia."

Nilikwenda kukagua. Konde zima, wazi kwa kivuli, lilikuwa na viwavi waliokufa juu ya majani, wadogo kiasi cha kuhitaji macho makali. Kwenye mistari minne ya majivu sikumwona hata mmoja aliyening'inia. Sitaficha kwamba viwavi hai pia walikuwa wachache pale kuliko nilivyotegemea. Majivu yana kazi yake: humkwaruza kiwavi mchanga, humkausha, humziba pumzi. Mama yake na bibi yake hawakuwa wakijidanganya. Tatizo ni kuchanganya. Ukitia majivu, tia majivu, na ukipiga virusi, majivu yapishe.

Kuna mambo mawili aliyoniuliza baadaye ambayo yastahili kuandikwa. La kwanza: kwa nini anunue chupa nyingine ikiwa konde lake sasa limejaa viwavi waliokufa kwa dawa hiyohiyo? Asiwakusanye, awasage, achuje, apige? Si wazo la kijinga hata kidogo. Brazili walifanya hivyo kwa kiwavi wa soya, Anticarsia gemmatalis. Mpango ulianza miaka ya 1980 chini ya Embrapa, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, ukiongozwa na Flávio Moscardi. Wakulima wakaokota viwavi waliokufa mashambani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 virusi vile vikawa vinatumika kwenye kama hekta milioni mbili. Hakuna mpango wa bakulovirusi uliofika ukubwa huo. Lakini kule kulikuwa na watu wa kugandisha, kupima nguvu na kusaga kwa kipimo. Kiwavi aliyeoza kwenye joto la Mwakirunge ana bakteria tele, na nguvu ya uji wake hakuna anayeijua. Na kiwavijeshi wetu hulana, jambo linalofanya hata ufugaji wake viwandani uwe mgumu. Nilimshauri awaache pale walipo. Mvua itausambaza uji, ndege watakaowala watazisafirisha punje kwenye vinyesi vyao bila wao kudhurika, na sehemu itaingia ardhini ambako jua halifiki na punje hudumu muda mrefu. Virusi vya kiwavijeshi huyu vimeshapatikana kwa viwavi wa Nigeria, kwa hiyo katika bara hili havimo chupani tu.

La pili aliuliza akitazama juu: je, chonga wa minazi? Kwa chonga hapana, yeye ni mende wa familia nyingine kabisa. Ila nilifurahi kumsimulia kwamba binamu yake wa Asia, mende mwenye pembe anayekula minazi, alikutwa na kirusi chake Malaysia mwaka 1963 na mtafiti Alois Huger, na mwaka 1967 kirusi kile kikaachiliwa visiwani Samoa, minazi ikapata nafuu. Hiyo ndiyo ndoto niliyo nayo kwa pwani hii, na sioni aibu kuisema.

Wasiwasi wangu mmoja haujaondoka. Kina mama wengine sita wameshaagiza chupa, na ninaogopa wataitegemea hiyo tu. Nondo wa tufaha huko Ulaya alipigwa kwa miaka na virusi vya aina moja vilivyotoka kwa viwavi waliopatikana Meksiko mwaka 1963, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashamba ya Ujerumani na Ufaransa yakaanza kuonyesha nondo wasioambukizwa. Ndiyo maana nimewaomba waendelee kuponda mafungu ya mayai kwa vidole wanapopalilia, na wapande wote wiki moja mvua ikianza, ili kizazi cha nondo kisihamie kutoka konde la mapema kwenda la mwisho.

Chupa iliyobaki haikai tena dirishani. Mama hana friji. Ameifunga kwenye mfuko na kuiweka kwenye kibaridi cha mtungi wa maji, nyuma ya mlango, mahali pa giza. Ndoo ya majivu imehamia mgombani.